“KOMORO KUNA NINI?” JIBU KWA WANAOPANGA SAFARI KWA MACHO YA WATU



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita niliandika hapa mistari mitatu tu. Nilisema kijana wa Kiislamu aliyeoa, akitaka kumtoa mkewe nje ya nchi kwa mara ya kwanza, kwa siku chache, basi aifikirie Komoro. Sikutegemea zogo. Nusu ya majibu yaliyokuja ilikuwa kicheko. “Sheikh, Komoro kuna nini?” “Sheikh, kule si kwa waganga?” “Tukapige picha na nini, sheikh?” Mmoja akasema Komoro ni Maldivi ya masikini, na watu zaidi ya mia wakampenda kwa neno hilo.

Ningenyamaza. Lakini usiku ule ule kijana mmoja akaniandikia faraghani, na kwa ajili yake naandika leo. Jina lake silitaji, na nimemuomba ruhusa ya kuisimulia habari yake.

Kijana huyu ameoa miezi miwili iliyopita. Amekwisha kukata shauri kwenda Maldivi, usiku wanne, kwenye vile vibanda vya juu ya maji. Fedha hana. Amekopa shilingi milioni nne kwa riba, sehemu kwa mtu na sehemu kwa simu. Akaniuliza: “Sheikh, hukumu ya kupunguza swala kule ikoje?”

Subhanallah! Mtu amebeba riba mgongoni, anauliza habari ya rakaa mbili au nne. Nikamuuliza swali moja tu: “Mkeo amekuomba Maldivi?” Akachelewa kujibu. Kisha akaandika: “Hapana sheikh. Yeye alisema hata Tanga anatosheka. Ila nilishawaambia jamaa.”

NILISHAWAAMBIA JAMAA. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, ndugu zangu. Safari imepangwa kwa ajili ya watu ambao hawatapanda hata hiyo ndege.

*KWANZA: KUSAFIRI SI DHAMBI*

Nianze kwa uadilifu, maana wapo watakaosoma nusu ya maneno yangu na kusema sheikh ameharamisha matembezi. Sijaharamisha. Na wala sikubaliani na wale ndugu zetu wanaosema Muislamu hana safari ila Hijja, Umra, elimu na biashara. Allah ametuamrisha katika Suratul-Ankabut, aya ya 20, tutembee katika ardhi tutazame namna alivyoanzisha uumbaji. Mtume (SAW) alipokuwa akitaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wake zake, na aliyetokewa na kura alifuatana naye. Basi mtu kutoka na mkewe, akaona bahari nyingine na watu wengine, akarudi moyo wake umefunguka, hilo ni jema, na kwa nia njema analipwa.

Tunapopingana ni kwenye ule msemo wetu wa mitaani, “msafiri kafiri”. Asili yake ni mzaha, watu wakimsamehe msafiri akila ovyo au akilala ovyo. Siku hizi watu wameugeuza kuwa fatwa. Akivuka bahari tu, swala zinalala, stara inavuliwa, deni linasahauliwa. Nakuambia wewe unayesoma: malaika wa kulia na wa kushoto hawabaki uwanja wa ndege wakikusubiri.

*PILI: HABARI YA MALDIVI*

Sina ugomvi na Maldivi. Ni nchi ya Waislamu, ndugu zetu. Ibn Battuta, yule msafiri mkubwa wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alifika Maldivi na akafanywa kadhi huko. Ukiwa na mali ya halali, huna deni la watu, na wanaokutegemea umewaachia chakula, nenda salama.

Lakini jiulize unakwenda Maldivi ipi. Visiwa wanavyoishi wenyeji vina misikiti, masoko na watoto wanaokwenda madrasa, na pombe imepigwa marufuku. Kisha kuna visiwa vya hoteli tu, ambavyo mgeni anashushwa kwa boti au ndege ndogo, na humo pombe inaruhusiwa kwa sababu ni kwa ajili ya wageni. Tangu mwaka 2009 nyumba ndogo za wageni zimeruhusiwa kwenye visiwa vya wenyeji, kwa bei ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya hoteli. Sasa angalia msiba wetu: Muislamu anasafiri karibu kilomita 4,000 kutoka Dar es Salaam kwenda nchi ya Waislamu, akifika anachagua kile kisiwa kilichotengwa mbali na Waislamu wenzake, halafu analipa zaidi! Na akirudi anasema ameiona Maldivi. Ameona kitanda na maji.

*TATU: BASI KOMORO KUNA NINI?*

Sasa nakujibu wewe uliyecheka.

Komoro iko takriban kilomita 700 kutoka Dar es Salaam. Ni nchi ya Waislamu wa Sunni, madhehebu ya Imam Shafi'i kama wengi wetu wa pwani. Visiwa vyake ni Ngazija, Nzwani na Mwali. Cha nne, Maore, kimebaki chini ya Ufaransa tangu wenzake walipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975.

Unauliza kuna nini? Kuna nusu ya historia ya dini yako. Habib Swaleh, aliyeanzisha Riyadha ya Lamu, ambako watu wanakusanyika kila mwaka kwa Maulidi, alizaliwa Ngazija. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi mkubwa wa Unguja, ambaye wanafunzi walimfuata kutoka kila upande wa pwani hii hadi alipofariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, mji mdogo jirani na Moroni. Babu yako akijua kusoma Safina na kutia udhu sawasawa, huenda mlolongo wa mwalimu wake unapita kwenye visiwa hivyo unavyovicheka.

Kuna msikiti wa Ijumaa wa zamani pale Badjanani, Moroni, mweupe, matao yake yanaitazama bahari. Asili yake hutajwa kuwa mwaka 1427. Kuna vichochoro ambavyo ukipita utadhani uko Mji Mkongwe. Kuna mlima Karthala, volkano hai yenye mita 2,361, uliolipuka mara mbili mwaka 2005 na kumwaga majivu juu ya vijiji. Kuna fukwe kama Chomoni, jiwe jeusi la volkano na mchanga mweupe vikiwa pamoja. Kuna kasa wanaopanda kutaga mayai Itsamia, kisiwani Mwali. Kuna mashamba ya mlangilangi, vanila na karafuu. Na kuna lugha ambayo ukiisikiliza kwa utulivu utaanza kuokota maneno yako mwenyewe ndani yake.

Ukitaka kibanda cha juu ya maji cha kupigia picha, sikudanganyi, hiyo si nchi yake. Umeme unaweza kukatika. Barabara zina mashimo. Tiketi ya ndege wakati mwingine haina unafuu unaoutegemea. Mimi sikuleti kwa hoja ya bei, na mtu asije akaninukuu kwamba sheikh kasema Komoro ni rahisi. Hoja yangu ni kwamba swali lenyewe, “kuna nini?”, limeulizwa kama mtu anayekagua duka. Nchi ina watu. Kati yao wapo jamaa zako. Ni familia ngapi za Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa zina bibi Mngazija? Allah amesema katika Suratul-Hujurat kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Wewe umeigeuza dunia kuwa ukuta wa kusimama mbele yake upigwe picha.

*NNE: WANAOCHEKA KUHUSU WAGANGA*

Hili linaniuma zaidi, kwa sababu wanaocheka hadharani wapo kati yao wanaokwenda kwa siri. Wapo watu wetu, na tunawajua, ambao safari yao ya kwanza na ya pekee ya Komoro ilikuwa kumtafuta mtu wa kuandika hirizi, ya biashara, ya cheo, ya kumfunga mume. Wakirudi wanasema Wangazija wachawi. Ajabu! Mnunuzi anamtukana muuzaji kwa bidhaa aliyoifuata mwenyewe kwa ndege.

Nchi yoyote ina wachamungu na ina walaghai. Uliokutana nao ni wale uliokwenda kuwatafuta. Mtume (SAW) ametutahadharisha kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, swala zake za siku arubaini hazikubaliwi. Kwa hiyo kama nia yako ni hiyo, bora ukae nyumbani. Umebeba dhambi, umebeba gharama, na juu yake umewachafulia jina ndugu zako Waislamu.

*TANO: NAMNA YA KUIPANGA SAFARI FUPI*

Sasa kwa yule anayeuliza kwa nia ya kujua, sikiliza. Haya nimeyajua mengine kwa kusoma na mengine kwa kuumia.

1) Anza na deni, kabla ya tiketi. Mafakihi wa Shafi'i wamesema mwenye deni lililofika muda wake na uwezo wa kulilipa hasafiri ila kwa idhini ya mdai. Ikiwa hivyo ndivyo kwa deni la halali, itakuwaje kwa mtu anayekopa kwa riba ili akastarehe? Allah ametangaza vita juu ya wasioiacha riba. Fungate gani hiyo inayoanza kwa vita na Mola wako? Ukishindwa safari ya nje, ndani ya nchi kupo. Ukishindwa hapo, mtoe mkeo ufukweni jioni, mle mihogo, mrudi. Hujakosa kitu kwa Allah.

2) Waombe radhi wazazi, andika wasia. Usiseme ni siku tano tu. Hakuna aliyepanga ajali ya siku ya pili.

3) Chagua wakati. Mvua na joto kali ni baina ya Novemba na Aprili, na vimbunga vya bahari hii huja katika miezi hiyo. Mei hadi Oktoba ni kukavu na kuna ubaridi kidogo. Lakini Julai na Agosti Wangazija wanaoishi Ufaransa hurudi kwa wingi kwa ajili ya harusi kubwa, ndege zinajaa na bei zinapanda. Ukipata Mei, Juni au Septemba, chukua.

4) Kisiwa kimoja. Narudia, KIMOJA. Mtu ana siku tano anataka Ngazija, Nzwani na Mwali. Ndege za ndani na boti huahirishwa, bahari huchafuka, na utajikuta umekwama huku ndege ya kurudi nyumbani imeondoka. Safari ya kwanza iwe Ngazija. Vingine vina siku yake, insha'Allah.

5) Fedha. Wao wanatumia faranga ya Komoro, na yuro moja ni takriban faranga 492, thamani isiyobadilika kwa kuwa imefungwa na yuro. Nenda na yuro taslimu, usitegemee kadi. Masharti ya viza uliza ubalozini kabla ya kulipa tiketi, si baada. Kifaransa kidogo kitakusaidia ofisini. Sokoni Volovolo, Kiswahili chako cha pole pole mara nyingi kinatosha.

6) Afya, na hapa nitasema neno zito. Uliza kituo cha afya kuhusu chanjo na dawa ya kukinga malaria, maana Ngazija malaria ipo. Lakini wewe pia unaweza kuwa ugonjwa wao. Kipindupindu kilichoingia Komoro mwanzoni mwa 2024 kilifika na chombo kilichotoka Tanzania, na watu zaidi ya mia moja walifariki. Mtume (SAW) alitukataza kutoka katika mji wenye tauni kuikimbia, na kuingia katika mji wenye tauni. Basi ukiwa unaharisha au una homa, ahirisha. Kupoteza nauli ni rahisi kuliko kuulizwa kuhusu roho ya mtu.

7) Maji. Kisiwa cha Ngazija hakina mito ya kudumu. Ardhi yake ni ya volkano, mvua inazama moja kwa moja, na vijiji vingi vinaishi kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye birika. Majivu ya Karthala yalipomwagika mwaka 2005, yalichafua birika hizo na watu wakataabika. Sasa mgeni anaingia kuoga dakika ishirini! Mtume (SAW) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vilivyojaa. Tumeisoma sunna hii miaka yote kwenye vitabu, nafasi ya kuifanyia kazi ndiyo hiyo.

8) Swala. Hili ndilo kijana alilouliza, na nalijibu sasa mahali pake. Kwa madhehebu ya Shafi'i, ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, basi ukifika tu huna ruhusa ya kupunguza. Mfano: umefika Jumatano, unaondoka Jumapili. Siku kamili ni Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Ni tatu. Unapunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha ziwe rakaa mbili mbili, na unaweza kukusanya. Ukiondoka Jumatatu, siku kamili zimekuwa nne. Unaswali kamili, na Ijumaa inakuwajibikia. Na ukiswali nyuma ya imamu mwenyeji, unakamilisha kama yeye. Alfajiri na Magharibi hazipunguzwi kabisa. Lakini Ijumaa hata kama huwajibiki, utakaa hotelini na msikiti wa Badjanani uko pale? Nenda. Keti na wazee baada ya swala. Hicho ndicho ulichokifuata.

9) Stara na picha. Wewe na mkeo vaeni kama mnavyovaa nyumbani kwa wakwe. Usipige picha wanawake wa watu, wala wazee msikitini, wala watoto, bila idhini. Na picha za mkeo akiwa ufukweni zina haja gani ya kuonwa na watu elfu tatu? Wivu wa mwanamume kwa mkewe ni katika imani.

10) Chunga ulimi kuhusu Maore. Tangu mwaka 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda kisiwa ambacho ni cha jamaa zake, na wengi mno wamezama wakijaribu kuvuka kutoka Nzwani kwa boti ndogo. Huenda dereva wako amezika ndugu, au hakupata hata mwili wa kuzika. Usiulize kwa mzaha kwa nini hawabaki kwao. Na mtu akikushawishi kukuvusha huko kwa njia za panya, kataa katakata.

*SITA: AMANA NILIYOTAKA KUIRUDISHA NAYO*

Nisionekane ninahubiri nikiwa juu ya minbari wakati mimi mwenyewe nilianguka.

Safari yangu ya kwanza Ngazija ilikuwa ya siku tano. Mama mmoja jirani yangu, ambaye mama yake alitoka huko, alinipa bahasha na doti mbili za khanga nimpelekee mdogo wa mama yake, kijiji kimoja upande wa Mitsamiouli, kaskazini mwa kisiwa. Nikasema hakuna taabu. Nikaziweka chini kabisa ya begi.

Nilikuwa nimeandika ratiba nikijiona mjuzi. Siku hii Moroni, siku hii Chomoni, siku hii kupanda Karthala, siku hii darsa na jamaa. Kijiji cha yule bibi hakikuwemo. Nilisema nitapitia nikipata nafasi. Karthala yenyewe sikuifikia kileleni, miguu ilinishinda, nikashuka na siku nzima imekwisha.

Jioni ya mwisho nikawa nafunga begi ndipo mkono ukagusa khanga. Wallahi nilifikiri kuzirudisha. Nilikwisha kutunga na udhuru: gari, muda, usiku. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimetoa darsa la amana kwetu mwezi ule ule. Nikatoka, nikapanda taksi ya kuchangia, ikaniacha njiani, nikapata nyingine. Nilifika baada ya Isha.

Yule bibi alikuwa amekaa kibarazani. Jirani yangu alikuwa amempigia simu kwamba mgeni anakuja, na hakumwambia siku. Basi jana yake alikaa toka Alasiri, na siku ile akakaa tena. Alikuwa amepika mataba, majani ya muhogo kwa nazi, ndugu yake kisamvu chetu, na yalikuwa yamepashwa moto mara mbili. Nikampa bahasha na khanga. Akanishika mkono akasema, “Marahaba.” Nikaona haya, nikadhani ananisuta kwa kuwa nimesahau kumwamkia shikamoo. Kumbe kwa lugha yao marahaba ni ahsante.

Nilikaa naye saa moja. Aliniuliza habari za watu wa Tanga aliowajua toka utotoni, wengi wao wamekwisha kufa, na kila nikimwambia amefariki anasema inna lillahi, kisha anauliza wa pili. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Nimelala vibaya usiku ule kuliko usiku wowote wa safari.

Sasa niulize mimi: Komoro kuna nini? Katika siku tano zile, kilichobaki moyoni mwangu ni saa moja ambayo sikuwa nimeipanga, na nusura niikose.

Kwa hiyo nyongeza ya mambo kumi yale ni hii: kabla hujaandika fukwe, andika watu. Uliza mtaani kwako nani ana jamaa Komoro. Beba salamu na dawa halali, unachokijua kilichomo tu, usibebe mzigo uliofungwa usioujua. Mpe mtu huyo siku ya PILI ya safari, usimpe ya mwisho. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni wa siku tano ni hilo.

*MWISHO*

Kwa yule aliyesema Komoro ni Maldivi ya masikini: tubu, ndugu yangu. Umewadharau Waislamu kwa umasikini wao, na Mtume (SAW) amesema inamtosha mtu katika shari kumdharau ndugu yake Muislamu. Na usisahau kwamba wapo wanaoitazama nchi yako wewe kwa jicho lile lile unaloitazamia ya mwenzako.

Kwa dada zangu: mume akikuambia hana uwezo, usimlinganishe na mume wa rafiki yako wa mtandaoni. Na dada usiyekuwa na mahram, usivutwe na matangazo ya safari za makundi ukaingia nchi ya watu peke yako. Wapo walioitwa kutalii wakaishia pabaya.

Na kwa kijana wangu aliyeniandikia: nimemwambia arudishe kila senti anayoweza kuirudisha leo, kabla riba haijazaa. Pesa ya tiketi amesema sehemu atarudishiwa, sehemu imepotea. Hiyo iliyopotea aihesabu ni ada ya kusomea. Nikamwambia awaambie jamaa ukweli kwa mdomo wake, kwamba hana uwezo. Akaniambia, sheikh, hilo ni gumu kuliko deni. Nikamwambia najua, ndiyo maana nakuagiza uanze nalo. Jana ameniandikia kwamba wanakwenda Tanga Ijumaa ijayo, siku tatu, kwa shangazi wa mkewe.

Muombeeni dua wasafiri salama. Nami nimemwambia Adhuhuri na Alasiri apunguze.

Ewe Allah, turuzuku halali ikatutosha, tuepushe na riba na riyaa, wahifadhi ndugu zetu wa visiwani na uwafungulie milango ya kheri, na tujaalie safari zetu ziwe ushahidi kwa ajili yetu na zisiwe juu yetu. Aamin.

Aliyepatia ni kwa taufiki ya Allah, na nilipokosea ni kwangu na kwa shetani. Msambazie kijana yeyote anayepanga fungate.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.